Dawa ya Wiki Nne, Soko la Siku Moja

Wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo huja wamekariri vizuri. Himoglobini ya mwanamke asiye mjamzito, gramu 12 kwa desilita kwenda juu, mjamzito 11, mwanamume 13. Sodiamu 135 hadi 145. Potasiamu 3.5 hadi 5. Mifupa minane ya kifundo cha mkono wanaitaja mmoja mmoja bila kusita. Kisha mbele ya mwanafunzi anakaa mama wa makamo anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anajifunika kanga vizuri mabegani, anasema: "Mwanangu, moyo unanienda mbio, mwili hauna nguvu, usiku usingizi sina, na tumboni kama kuna moto." Namba zote zinamtoka kichwani. Anaandika malaria, UTI, taifodi, anamwelekeza maabara, anaita mwingine.

Simlaumu. Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi imepita kati ya Mnazi Mmoja, Gerezani na bonde la Msimbazi, na najua tunavyofundishwa: anatomia ina mwalimu wake, maabara ina mwalimu wake, na dawa za magonjwa ya akili zinasomwa harakaharaka mtihani ukikaribia. Mgonjwa hana habari na ratiba hiyo. Yeye anakuja na moyo, tumbo, damu na huzuni kwa pamoja, na anategemea sisi tujue vinavyoshikana.

Anatomia mimi niliielewa kwa msaada wa bucha. Chuoni tulikuwa na picha ukutani na mifupa ya kufundishia iliyopungua vidole. Tulikuwa wasichana tuliopanga chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, na mara kwa mara tulichanga fedha tukanunua moyo wa ng'ombe. Muuza nyama alituzoea. "Wauguzi wangu, leo mnasoma wapi?" Tulimwomba asiukate. Nyumbani tuliupasua kwa wembe, tukahesabu vyumba vinne, tukavuta zile kamba nyeupe nyembamba zinazozuia vilango visipinduke damu inaposukumwa. Siku nyingine tulinunua figo la mbuzi pamoja na mafuta yake, tukatafuta kwa vidole tezi ndogo iliyo jirani nalo. Kwa binadamu tezi hiyo imekaa juu kabisa ya kila figo, ina uzito wa gramu nne au tano tu. Baada ya somo tulipika.

Tezi hiyo ndogo imenisaidia kazini kuliko kurasa nyingi za vitabu. Kiini chake hutoa adrenalini. Ganda lake hutoa kotisoli. Mtu akiishi na hofu ya kodi ya fremu, ya mkopo, ya mgambo, ya mume aliyeondoka, tezi haiulizi kama hofu hiyo ni simba au ni barua ya benki. Moyo unakwenda mbio kweli. Misuli ya shingo inakaza kweli. Na kuna neva moja ndefu inayotoka shina la ubongo, inashuka shingoni, inapita kifuani kwenye moyo na mapafu, inaishia tumboni. Mama anaposema mawazo yamemshukia tumboni, njia ya kushukia ipo. Nimeionyesha wanafunzi mara nyingi kwa kidole, kuanzia nyuma ya sikio lao wenyewe hadi kitovuni. Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia mgonjwa wa namna hii ni kwamba namwamini. Wengi wamekwisha kuambiwa wanajifanya.

La pili ni vipimo, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kosa linakuja kutoka pande mbili.

Nilimhudumia mama lishe mmoja ambaye majirani, dada zake, hata mumewe, walikwisha kukubaliana kwamba ana mawazo. Alikuwa ameacha kucheka, anasahau madeni ya wateja, anasinzia mbele ya sufuria. Alipokaa kwangu niliona amevaa sweta. Ilikuwa Februari, jua la Kariakoo linachoma hadi lami inalainika, na yeye ameshika viwiko akisema anasikia baridi. Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Ngozi ya mikono ilikuwa kavu, choo kigumu, uzito umeongezeka ilhali hamu ya chakula imepungua. Mapigo ya moyo niliyahesabu dakika nzima. Yalikuwa ya polepole. Kipimo cha TSH, ambacho kwa maabara nyingi huwa kati ya 0.4 na 4, kilirudi kikiwa juu mara nyingi ya hapo. Tezi yake ya shingoni, ile yenye mabawa mawili chini kidogo ya koromeo, ilikuwa imechoka kufanya kazi. Alihitaji homoni ya tezi, na alipoipata kwa miezi kadhaa, kucheka kulirudi pamoja na joto la mwili. Angeanzishiwa dawa ya sonona peke yake tungekuwa tumefunika shimo kwa mkeka.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kusema sonona, angalia damu. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye kizazi anayetokwa damu nyingi kila mwezi anaweza kuwa na himoglobini ya 7, na mtu mwenye 7 hana nguvu ya kufurahia chochote. Angalia sukari. Uliza kuhusu VVU na kipimo chake. Uliza pombe. Uliza kama amejifungua karibuni. Mama wa mtoto mchanga anayelia kila siku bila sababu hatakiwi kuambiwa azoee.

Upande wa pili ni kijana wa mkokoteni. Alikuwa akibeba mizigo kutoka maghala ya Gerezani, mabega kama ya mwanamieleka. Alikuwa amepima kila kitu, kwenye maabara zaidi ya moja. Himoglobini 14, sukari nzuri, malaria hakuna. Mahali fulani walimpima Widal wakamwambia ana taifodi, akanywa antibaotiki, akapima tena, akaambiwa bado ipo, akanywa tena. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au zikawepo kwa sababu nyingine kabisa. Katika nchi ambayo taifodi ni ya kawaida, jibu lake pekee halitoshi kumtibu mtu. Mwisho wa yote aliambiwa: "Kijana, vipimo vyako vyote viko sawa, huna ugonjwa." Alinieleza maneno hayo akitazama sakafu. Alikuwa hali, halali, hataki kuongea na mtu, na alikuwa ameanza kuona ni afadhali asiwepo.

Karatasi ya maabara inajibu swali lililoulizwa tu. Ukiuliza kuhusu sukari itakujibu kuhusu sukari. Sonona haina chupa yake ya damu, haina namba inayotoka kwenye mashine, na hilo ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu, maana wamelelewa kuamini namba. Namba tuliyo nayo ni ya maswali: dodoso la PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja sifuri hadi tatu, jumla 27. Kuanzia 10 unatakiwa kumchunguza mtu kwa makini zaidi. Dodoso hilo limetumika kwa Kiswahili hapa kwetu na linasaidia. Lakini swali la tisa, lile la mtu kufikiria kwamba bora afe au ajidhuru, wanafunzi huliruka. Wanaona aibu, au wanaogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Kuuliza hakupandi wazo, na mara nyingi mtu anashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu. Yule kijana nilimuuliza polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kuinua kalamu. Akaniambia.

Zaidi ya aibu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Natamani tufike huko. Mgonjwa anayeogopa polisi hasemi ukweli kwa muuguzi, na familia inayoogopa polisi inachelewa kumleta.

Sasa dawa. Nilipoanza kazi, tulizozijua zilikuwa amitriptilini na imipramini. Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, na ilichukua muda kufika kwenye rafu zetu. Leo amitriptilini na fluoksetini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Historia ya dawa hizi naipenda na huwa nawasimulia wanafunzi, kwa sababu ilianza na wauguzi na madaktari waliotazama watu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walianza kuchangamka, kula, na kupenda kukaa na wenzao kuliko ilivyotarajiwa. Miaka michache baadaye, Roland Kuhn katika hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, alijaribu imipramini kwa wagonjwa wa sikizofrenia. Haikuwafaa, lakini aliona kwamba wenye sonona wanainuka. Hakuna mashine iliyowaonyesha. Walikaa na wagonjwa siku hadi siku.

Tatizo la dawa hizi Kariakoo ni muda. Hapa mtu anafungua fremu asubuhi na jioni anajua amepata au amekosa. Kuli analipwa mzigo ukishuka. Mama lishe asipouza leo, wali wa leo hauuziki kesho. Sasa mpe mtu wa namna hiyo kidonge, umwambie atakinywa kila siku na ataona nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita. Tena mabaya yanatangulia: fluoksetini siku za mwanzo inaleta kichefuchefu, kuharisha kidogo, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo, inatia usingizi na kizunguzungu mtu anaposimama. Anayenunua na kuuza kila siku anapiga hesabu yake upesi: nimetoa fedha, nimepata kichefuchefu. Anaacha siku ya nne.

Baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nilikutana na hesabu hiyo kwa wingi. Jengo lile, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lilikuwa riziki ya watu wengi walioweka mtaji wote ndani ya kizimba kimoja. Wengi waliokuja walikuwa na huzuni ya kawaida ya mtu aliyepoteza, na huzuni hiyo haihitaji kidonge. Inahitaji ndugu, ibada, chakula, na mtu wa kusema naye. Vivyo hivyo jengo lingine la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 na watu zaidi ya 20 wakafariki, nilihimiza wanafunzi wasikimbilie kugawa vidonge kwa waliofiwa. Lakini wapo ambao miezi ilipita na wao wakaendelea kuzama. Mmoja alikuwa mama muuza nafaka, mwanamke mwenye akili nyingi za biashara. Daktari alimwandikia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi. Alirudi baada ya siku chache, akaweka pakiti mezani. "Sista, dawa yako imenishinda. Tumbo limevurugika na mawazo yako palepale."

Nilikaa naye. Nilimweleza kwamba serotonini, ile kemikali ambayo dawa inaizuia isirudishwe haraka ndani ya seli ya neva, sehemu yake kubwa, kama asilimia 90, inatengenezwa na utumbo. Kwa hiyo tumbo linapokea habari mapema. Ubongo unahitaji wiki za kujipanga upya. Kuvurugika kwa tumbo kulionyesha kwamba dawa imefika mwilini, na kwa kawaida kungepungua ndani ya wiki moja au mbili. Kisha nikasema jambo ambalo yeye alilielewa kuliko mimi: dawa hii ni mali kauli. Mzigo unautoa leo, fedha unaiona mwezi ujao, na kila siku katikati unakaa na wasiwasi. Alinitazama, akavuta pakiti akairudisha kwenye pochi. "Kumbe. Mbona hawakuniambia hivyo dirishani?"

Hilo "mbona hawakuniambia" ndilo ninalowafundishia wanafunzi. Daktari anaandika kwa dakika mbili, famasi wanahesabu vidonge, na zile wiki nne zinabaki za muuguzi. Katika wiki hizo kuna hatari moja ya kukesha nayo: nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla huzuni haijaondoka, na mtu aliyekuwa hawezi hata kuinuka akawa na nguvu za kujidhuru. Vijana walio chini ya miaka 25 ndio wa kufuatiliwa zaidi mwanzoni. Ndugu aelezwe, kwa ridhaa ya mgonjwa. Amitriptilini isitolewe kwa wingi kwa mtu mwenye mawazo ya kufa, kwa kuwa ikizidi inavuruga umeme wa moyo, ule ule moyo wa vyumba vinne tuliopasua kwa wembe. Vidonge vya wiki moja vinatosha, vingine vitunzwe na ndugu. Yule kijana wa mkokoteni, dada yake ndiye aliyekuwa akimpa kidonge kila siku, na daktari wa akili alimwona siku ileile aliyoniambia, kabla jua halijatua.

Kuna swali lingine la kuuliza kabla ya kidonge cha kwanza: je, kulikuwa na kipindi ambacho mgonjwa alichangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anakopa, ananunua mzigo usio na mteja? Sokoni mtu wa hivyo husifiwa kuwa mchapakazi. Akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka juu tena kwa namna ya kuharibu maisha yake. Muulize yeye, na muulize mkewe.

Kisha vidonge vingine. Kariakoo ni mji wa maumivu ya mgongo, na maumivu ya mgongo yanatulizwa kwa diklofenaki na tramadoli. Chembe sahani za damu hutunza serotonini na kuihitaji katika kugandisha damu. Fluoksetini inazipunguzia, diklofenaki inakwangua tumbo, na pamoja zinaweza kumtoa mtu damu tumboni. Uliza kama choo kimekuwa cheusi. Tramadoli na fluoksetini pamoja zinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi: kutetemeka, jasho, joto, kuchanganyikiwa. Mzee anayetumia dawa ya presha inayokojoza, akiongezewa fluoksetini, sodiamu yake inaweza kushuka chini ya 135. Ataanza kuyumba na kusema yasiyoeleweka, na watoto wake watasema uzee umemzidi. Hapo ndipo namba waliyoikariri wanafunzi inaokoa mtu. Mitishamba nayo uliza, kwa heshima, kwa sababu ukikaripia utafichwa.

Amitriptilini ina utata wake hapa mtaani. Kwa dozi ndogo inatuliza maumivu ya neva ya wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na bibi anayeiita dawa ya miguu na mjukuu aliyeandikiwa kwa sonona. Wanaazimana. Vibaya zaidi, bibi akijua mjukuu anaitumia kwa nini, habari inafika barazani, na mtu wa kwanza mwenye mdomo atataja Mirembe. Hospitali ya Mirembe imewatibu Watanzania Dodoma tangu 1927, na sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la shuleni. Wagonjwa wangu wameniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, kwani mimi ni wa Mirembe?" Nimeona wanawake wakihamisha vidonge kwenye kopo la Panadol ili mume asijue, na mtoto akafungua kopo hilo. Siku hizi naongea nao kuhusu mahali pa kuficha kabla hawajajifichia wenyewe: sanduku lenye kufuli, mbali na mtoto, jina la dawa likiwa juu yake.

Na wanaponiambia kwamba sheikh au mchungaji anawaombea, nawaambia waendelee, na kidonge waendelee. Sijaona ugomvi kati ya viwili hivyo isipokuwa sisi tunapouanzisha. Kuongea ni tiba pia. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye sonona, na imewasaidia watu wengi. Mabenchi sisi tunayo, yamejaa toka alfajiri.

Wengi hupona, na kupona kuna shida yake, maana anayejisikia vizuri haoni sababu ya kununua dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha apunguze kidogokidogo chini ya daktari. Mama muuza nafaka alibishana nami sana juu ya hilo. Alikuwa amepata kizimba kingine, analala, anakula, amerudia kukaripia vijana wake kwa sauti. Tulikubaliana tutalizungumza kila anapokuja.

Kwa hiyo wanafunzi wangu siwaruhusu kuandika "arudi baada ya mwezi" kwa mtu aliyeanza dawa leo. Arudi baada ya wiki. Na kabla ya kuandika tarehe wamuulize mzigo wake unashuka siku gani, kwa sababu siku ya mzigo hatakuja, hata umwandikie kwa wino mwekundu.